Sera ya Wodi Namba Nne

Macho alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili na siku tisa walipomhamisha wodi, na zile siku tisa ndizo zilizomponza. Kidole tumbo kingemshika wiki mbili kabla, angebaki wodi ya watoto, ambako mama anaruhusiwa kutandika shuka chini ya kitanda cha mwanawe na kulala hapo hapo mpaka siku ya kwenda nyumbani. Lakini kilimshika Jumamosi, akapasuliwa Jumapili alfajiri, na Jumatatu asubuhi sista wa wodi ya watoto akapita na kalamu akikagua tarehe za kuzaliwa. Alikuwa na watoto wawili kwenye kila kitanda na wengine watatu wanasubiri kwenye ujia.

“Huyu ni mtu mzima,” alisema, akachora mstari kwenye faili.

Mama Macho akamtazama huyo mtu mzima. Alikuwa amelala kiubavu, magoti kayavuta hadi karibu na kidevu, mkononi kavaa bangili aliyoisuka mwenyewe kwa nyuzi zilizookotwa chini ya cherehani ya mama yake. Mama akaanza kueleza, taratibu, kama alivyokuwa amekwisha kueleza mapokezi, na kwa daktari, na kwa yule aliyesukuma kitanda. Mtoto huyu hasikii. Hasemi. Homa ilimchukua masikio akiwa na miaka mitatu, ndiyo maana hata jina lake la nyumbani ni Macho, maana tangu hapo anasikilizia hayo. Anaongea kwa mikono, na mikono hiyo anayeielewa ni mimi. Baba yake anajua ishara kama kumi hivi, kula, lala, njoo, acha, na mbili katika hizo anazikosea. Kwa hiyo, sista, akienda wodi ya wakubwa naomba niende naye.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akasema wodi ya wakubwa haina walezi, ina saa za kuangalia wagonjwa tu, saa sita mchana hadi saa saba, na saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili.

“Hata kama hasikii?”

“Mama, si mimi. Ni sera.”

Neno hilo Mama Macho alikuwa analijua. Alilisikia redioni kila siku akiwa kiwandani anashona sare za shule, sera ya elimu, sera ya maji, sera ya nini sijui, na siku zote lilikuwa limekaa huko mbali kwenye midomo ya watu wenye tai. Hakuwahi kukutana nalo ana kwa ana. Sasa lilikuwa limesimama kati yake na kitanda cha mwanawe.

*

Mlango wa wodi namba nne, wodi ya wanawake waliopasuliwa, ulilindwa na mzee mmoja mwenye sweta la bluu, kiti cha plastiki, na daftari kubwa. Kitanda cha magurudumu kikapita. Mama alipotaka kufuata, mkono wa mlinzi ukashuka mbele yake kama kizuizi cha barabarani. Ule mfuko aliobeba je, akauliza mlinzi? Mfuko ulikuwa na kanga, sabuni, daftari la shule na penseli. Mama akaeleza kwamba mtoto anajua kusoma na kuandika vizuri sana, wa tatu darasani, na daftari lile ndilo litakuwa mdomo wake. Mlinzi akatoa kanga na sabuni, akazipitisha. Daftari akalirudisha. Vitu vya nje visivyo nguo wala sabuni haviingii, siku hizi watu wanapitisha mambo mengi. Mama akauliza daftari la hesabu linapitisha nini. Mlinzi akasema hilo yeye hajui, ila ndivyo ilivyo.

Macho aligeuza shingo akiwa kitandani. Akainua mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na sindano ya dripu, akauliza: unabaki nje? Mama akajibu kwa mikono yote miwili, haraka haraka kabla mlango haujafungwa: jioni, nakuja jioni, usiogope.

Jioni ile alimkuta mzima, ametulia kiasi, ila macho yalikuwa yanaruka ruka. Akamweleza mama kwamba watu wa humu wanamfungulia midomo mikubwa. Mama akaelewa. Walikuwa wanampigia kelele, kama kawaida ya watu, wakidhani uziwi ni mlango mzito tu unaotaka kusukumwa kwa nguvu. Akamtafuta sista wa zamu, kijana wa kike aliyevaa viatu vilivyoisha visigino, akamfundisha ishara tatu: maumivu, maji, choo. Sista akazirudia mbili, ya tatu akaitwa upande wa pili. Walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake, kwa wagonjwa arobaini na mmoja. Saa kumi na mbili kamili kengele ikalia.

Kesho yake, Jumanne, mama alikuwa mlangoni tangu asubuhi na chupa ya chai. Mlinzi akamwambia saa sita. Saa sita ilipofika, akiwa na mumewe sasa, aliyetoka kazini na rangi nyeupe imemkaukia kwenye nyusi, mlinzi akawaambia leo mchana hakuna kuingia, madaktari wanapita, warudi saa kumi na nusu. Watu wengine wakanung'unika, wakatawanyika. Mama Macho hakutawanyika. Alisema anataka kuchungulia tu, dakika moja, amuone na yeye amuone. Alipoona mlinzi ameangalia pembeni akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mumewe ndiye aliyemshika mkono.

“Usiwakere,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Mtoto yuko mikononi mwao. Tukiwakera sisi, watamlipizia yeye.”

Akamvuta hadi kwenye benchi chini ya ukuta, akamkalisha. Mumewe, fundi rangi, alikuwa mtu wa kuingia nyumba za watu kwa mlango wa nyuma na kuvua viatu bila kuambiwa. Ofisi kubwa zilimfanya azungumze kama anaomba radhi. Mkewe alimjua hivyo kwa miaka kumi na mitano, na mara nyingi upole wake ndio uliowaepusha na mengi. Siku ile alikaa pale benchi saa nne na nusu akiangalia kivuli cha ukuta kikirefuka, na chai ikapoa.

*

Kitu cha kwanza alichokiona saa kumi na nusu ni bandeji. Mikono yote miwili ya Macho ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hakuwa analia. Machozi yalikuwa yameshakauka yakaacha chumvi mashavuni, na mdomo ulikuwa wazi, ukitoa ile sauti yake ndogo ya kooni ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

Mtu mwingine angeona mtoto aliyefungwa mikono. Mama yake aliona mtoto aliyezibwa mdomo.

Akafungua wa kushoto kwanza, kwa meno, fundo lilikuwa limekaza. Mkono ulipopata uhuru tu ukaanza kusema, neno moja, tena na tena, vidole vikichoma hewa: moto. Moto. Moto. Kisha ukaonyesha upande wa kulia. Mama akazunguka kitanda. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko, ngozi inameremeta kama mpira, na bandeji ilikuwa imezama ndani ya uvimbe hata ukingo wake hauonekani. Vidole vilikuwa na rangi ya risasi. Na dripu bado ilikuwa inadondoka, tone, tone, tone, kwa utulivu kabisa.

Hapo ndipo Mama Macho alipopiga kelele, na kelele ile baadaye iliandikwa kwenye faili kuwa ni fujo.

Yaliyotokea alisimuliwa na bibi wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga na hakuweza hata kujigeuza. Bibi alisema jana usiku walibadilisha dawa kwenye chupa, na tangu hapo mtoto hakulala. Alikuwa anagonga chuma cha kitanda. Akija mtu anaonyesha mkono, yule mtu anaangalia chupa, anaona inashuka, anaondoka. Asubuhi akajaribu kuing'oa ile sindano. Wakamkanya. Akajaribu tena. Ndipo wakamfunga, kwamba atajiumiza. Dawa ilikuwa imetoka kwenye mshipa inaingia kwenye nyama, na kila aliyepita aliona mtoto mkaidi.

“Kabla hawajamfunga ule wa kushoto,” bibi alisema, “alikuwa anaandika kwenye shuka langu. Kwa kidole. Alinyoosha mkono mpaka hapa kwangu, akaandika, akaniangalia, akafuta, akaandika tena. Mwanangu, nisamehe. Mimi sikusoma.”

Walimrudisha chumba cha upasuaji saa ile ile, wakampasua mkono kuanzia kiganjani kwenda juu ili uvimbe upumue. Daktari aliyetoka nje kuzungumza na wazazi alikuwa amechoka na alisema ukweli. Mkono umenusurika kukatwa. Vidole vitatu vya katikati havitakunjika tena wala kunyooka, mishipa imekufa. Aliuliza kama mtoto anatumia mkono wa kulia kuandika. Mama akasema ndiyo. Akafikiri kuongeza jambo, kisha akaona daktari hakuuliza anatumia mkono gani kuongea, akaliacha.

Fundi rangi aliinamisha uso kwenye viganja vyake na hakuuinua mpaka walipoambiwa waondoke.

*

Muuguzi mkuu wa hospitali alimpokea Mama Macho siku ya Alhamisi, baada ya kumweka kwenye kiti cha nje tangu saa tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti tulivu, na juu ya meza yake kila kitu kilikuwa kimenyooka. Alimpa pole ya dhati. Alisema mwenyewe ni mama. Alisema wale wauguzi ni wachache mno na ameshaandika barua nyingi kuomba wengine. Yote haya Mama Macho aliyaamini. Alisema hakuja kumfukuzisha mtu kazi. Alikuja kuuliza jambo moja.

“Nimeambiwa mara tano nisiingie kwa sababu ya sera. Naomba unieleze, sera ni nini?”

Muuguzi mkuu akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi kuliko alilolitegemea.

“Sera ni utaratibu uliowekwa.”

“Uliowekwa na nani?”

“Na uongozi.”

“Wewe si uongozi?”

“Mimi natekeleza, mama. Na wale walio chini yangu wanatekeleza.”

“Basi nani hatekelezi? Nani aliyekaa akasema mtoto asiyesema aachwe peke yake?”

Muuguzi mkuu akanyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka. “Hakuna aliyesema hivyo. Sera haimtaji mtoto wako. Ni ya wote.”

“Naomba kuiona.”

Ikatokea kwamba haipo pale ofisini. Ilikuwapo, ikahamishwa walipopaka rangi. Muuguzi mkuu mwenyewe aliikuta inafuatwa alipoanza kazi, miaka kumi na moja iliyopita, na kwa kuwa alikuwa mkweli alikiri kwamba hakumbuki kuisoma yote. Labda masjala.

Masjala ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko, kimejaa mafaili hadi dirishani. Karani wake, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza bila kuinua kichwa, kisha akaomba aangalie ule uzi wa bangili ambao Mama Macho alikuwa anauzungusha kidoleni. Walikuwa wameukata mkononi mwa mtoto kabla ya upasuaji wa pili. Karani akauliza umri wa mtoto. Alipojibiwa akainuka, akapanda kwenye stuli, akakaa huko juu akipiga chafya kwa muda mrefu. Akashuka na faili la kijani.

“Kutoa nakala siruhusiwi,” alisema. “Lakini hakuna palipoandikwa kwamba mtu akisimama hapa na faili limefunguka nimfumbe macho.”

Akalifungua, akageuka kuelekea dirishani.

Mama Macho alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari. Saa za kuangalia wagonjwa, zilikuwapo. Umri wa kuhama wodi, ulikuwapo. Mlangoni, vitu visivyoruhusiwa: pombe, silaha, jiko la kuwasha. Daftari halikutajwa. Kisha ukurasa wa saba, kifungu cha nne: mgonjwa wa umri wowote asiyeweza kujieleza, kwa sababu ya uziwi, ububu, akili au lugha, aruhusiwe kuwa na mtu wake mmoja kando ya kitanda saa zote.

Alirudia kukisoma. Akakirudia tena, polepole, kama anayepima kitambaa asije akakosea mkasi. Kilikuwa kimeandikwa kwa taipu ya zamani, herufi ya mwisho ya kila neno imepanda juu kidogo. Mtu fulani, siku fulani, alikaa akamfikiria Macho kabla Macho hajazaliwa. Kisha likafungwa faili, likapandishwa juu, na watu wote wakalikumbuka kwa upande mmoja tu, ule wa kufunga mlango.

“Umeona?” karani aliuliza, bado ameangalia dirishani.

“Nimeona.”

“Mimi sikukuonyesha.”

*

Aliandika barua. Aliiandika mara nne mezani kwake, na fundi rangi, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kwa kuandika majina ya maduka ukutani, akaisafisha kwa mkono wake. Hakuna siku aliyomlaumu mumewe kwa lile benchi. Ndiyo maana mumewe mwenyewe alijilaumu kila siku. Alianza kurudi kutoka kazini mapema, anakaa sakafuni mbele ya binti yake, anajifunza mikono. Macho alikuwa mwalimu mkali. Naye pia alikuwa anajifunza upya, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho, na maneno mengi yalikuwa yanataka vidole vya katikati. Maneno mengine yalikatika. Hakuweza tena kusema ndege kama alivyokuwa anasema zamani, kwa mikono miwili. Shuleni alikuwa ameanza kuandika kwa kushoto, na mistari yake ilikuwa inateremka kama maji.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, ndani ya bahasha nzuri, lina muhuri. Mama alilisoma kwa sauti mezani, na mumewe alisimama mlangoni na brashi zake zinachuruzika. Imebainika kwamba mgonjwa alifungwa kwa usalama wake. Ilionekana kuwa dripu ilihama. Hatua stahiki zilichukuliwa mara ilipogundulika. Sera ya hospitali ilizingatiwa. Kuhusu kifungu kilichotajwa, sera imeagizwa kufanyiwa mapitio. Familia inapewa pole.

“Ndiyo wamesemaje?” fundi rangi aliuliza, maana alikuwa amesubiri mahali ambapo barua ingeanza.

Macho akavuta karatasi. Alisoma yote, akarudi juu, akaweka kidole kwenye neno sera. Hii nini? Mama akajaribu. Akafanya ishara ya sheria, kitabu na fimbo. Hapana, si sheria. Akafanya amri. Macho akauliza, amri ya nani? Mama akasema, ya hospitali. Macho akafanya ishara ya nyumba, akacheka kwa dharau. Nyumba haitoi amri.

Akashuka na kidole hadi neno alifungwa. Nani? Katika lugha yao ya mikono hapakuwa na njia ya kusema alifungwa ukaishia hapo. Ukitaka kusema kufunga, ni lazima mkono wako uwe mkono wa mtu fulani, na uvute bandeji kutoka upande fulani. Ilionekana. Nani aliona? Zilichukuliwa. Nani alichukua? Ilizingatiwa. Kila mstari mtoto aliuliza lile lile, na kila mstari mama alipandisha mabega. Walipofika kwenye muhuri, Macho alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya hospitali. Alidhani mama yake anamficha. Akaiacha karatasi mezani, akaenda nje kukaa na baba yake, ambaye alikuwa anaosha brashi, na ambaye angalau hakujua maneno ya kutosha kumdanganya.

*

Mwezi wa nne baada ya upasuaji walirudi kliniki ya mkono. Daktari mwingine akavibonyeza vile vidole vitatu, akaandika, akasema warudi baada ya miezi sita. Njia ya kutoka ilipita mbele ya wodi namba nne. Macho ndiye aliyesimama. Mlinzi alikuwa yule yule, na sweta lile lile. Mlangoni kulikuwa na tangazo jipya, nyuma ya kioo, herufi kubwa zilizochapwa vizuri: SERA YA KUANGALIA WAGONJWA, TOLEO LILILOREKEBISHWA. Mama akalisoma lote akitafuta kifungu chake. Hakikuwapo. Pale ambapo kingekuwa pameandikwa kwamba hakuna mgonjwa, wa hali yoyote, atakayekaa na mtu wake nje ya saa zilizopangwa, isipokuwa kwa kibali cha maandishi kilichoombwa siku saba kabla ya kulazwa.

Kwenye benchi la ukutani kulikuwa na mwanamke kijana, mfuko wa nguo mapajani. Alikuwa anamweleza mlinzi, bila shaka si mara ya kwanza, kwamba mama yake amepooza upande mmoja, ulimi umekufa, anaongea kwa kufumba na kufumbua jicho na yeye bintiye ndiye anayeelewa.

“Nakuelewa, dada,” mlinzi alisema, si kwa ukali. “Zamani ukituomba vizuri tulikuwa tunafumba macho. Ila kuna mama mmoja alikuja akafanya fujo, akaandika mabarua, ndiyo wakabana. Sasa mimi nifanyeje? Ni sera.”

Hakumtambua. Miezi minne, nyuso ngapi zimepita mbele ya kile kiti. Mama Macho akashika ukuta. Akamtazama yule mwanamke kijana, naye akamtazama kwa jicho la mtu anayetafuta wa kumlaani na hajui yuko wapi.

Macho akamvuta nguo. Anasema nini?

Mama akamwambia, kwa sababu alikuwa ameshachoka kuambiwa anaficha. Mama wa huyu yuko ndani, hawezi kusema. Mlango umefungwa.

Nani kafunga?

Safari hii mama alikuwa na mtu wa kumwonyesha. Akaweka kidole kifuani pake mwenyewe.

Macho akamtazama usoni, akatikisa kichwa. Uongo, akasema kwa kushoto. Kisha akaanza kumtafuta mwenyewe. Akamwonyesha mlinzi kwa kidole: huyu? Mama akatikisa kichwa. Akamwonyesha sista aliyepita na sinia la sindano: huyu? Hapana. Mlango wa muuguzi mkuu mwisho wa ujia: yule? Mama akasita, akatikisa kichwa. Mtoto akageukia tangazo, akakipiga kioo kwa kile kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ko, ko, ko, na watu kwenye ujia wakageuka.

Mlinzi akainuka kitini.

“Mama, mwambie mtoto wako aache. Hapa hairuhusiwi kugonga kioo wala kunyooshea watu vidole.”

“Nani kasema?” Mama Macho aliuliza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na yule mwanamke wa benchi naye akainua uso kusubiri jibu. Mlinzi akageuka akaliangalia tangazo, akalisoma kuanzia juu, midomo ikitembea, akashuka nalo mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, pale watu wanapoweka sahihi, akainama kidogo ili aone vizuri.